Watoto kwenye meli ya kitalii: cheti cha kuzaliwa, kadi ya pasipoti au pasipoti kamili?

Mama Pacha
Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Tumekwisha kulipa kiasi cha kwanza cha safari ya familia kwa meli ya kitalii, na sasa kampuni inatutaka tujaze taarifa za hati ya kila abiria. Sisi wazazi tuna pasipoti, lakini watoto wetu watatu hawana. Naambiwa kuna njia tatu: kutumia vyeti vya kuzaliwa, kuwachukulia kadi ya pasipoti, au kuwaombea pasipoti kamili. Naomba mnisaidie kulinganisha, kwa gharama na kwa usalama wa safari.

Mzee wa Gati
Mama Pacha, swali lako halijibiki lilivyo. Meli inang'oa nanga bandari gani, na inarudi wapi? Watoto ni raia wa nchi gani, na wana umri gani? Atakayekupa jibu kabla hujayasema hayo anabahatisha.

Mama Pacha
Niwie radhi, Mzee. Meli inaondoka Miami na kurudi Miami, na katikati itatia nanga Bahamas na Cozumel, Mexico. Watoto ni raia wa Marekani. Mapacha wana miaka 9, na kaka yao ana miaka 15.

Karani Mstaafu
Sasa tunaweza kuzungumza. Kanuni inayowahusu imekuwa ikitumika kwa safari za baharini tangu tarehe 1 Juni 2009. Kwa safari inayoanza na kuishia bandari ileile ya Marekani, raia wa nchi hiyo aliye chini ya miaka 16 anaweza kurejea kwa cheti cha kuzaliwa peke yake, na hata nakala yake inakubalika na maofisa wa mpakani. Kampuni ya meli, hata hivyo, inaweza kudai zaidi ya sheria, na baadhi ya visiwa vina masharti yao. Kwa hiyo soma masharti ya safari yako yenyewe, wala usitegemee ya jirani.

Kwa mtoto wa umri huo, kadi ya pasipoti ni dola 15 na pasipoti kamili ni dola 100, na kila ombi linaongezewa dola 35 za kupokelewa. Zote mbili hudumu miaka 5. Kadi inafaa kuingia Marekani kwa nchi kavu au kwa bahari kutoka Kanada, Mexico, Bermuda na Karibi, lakini haimpandishi mtu ndege ya kimataifa.

Msafiri Mkavu
Kwa maelezo hayo jambo limekwisha. Vyeti viko kabatini na havigharimu kitu, ilhali pasipoti tatu ni dola 405. Fedha hizo zitumike kwa mambo ambayo watoto watayaona kwa macho.

Bi Tahadhari
Ndugu Msafiri, ruhusa uliyonayo ni ya kurudi na meli, na meli haimsubiri mtu. Binti yetu alisafiri kwa cheti cha kuzaliwa, chenye muhuri halali, na gatini hatukuulizwa swali hata moja. Usiku wa pili alianza kushikwa na maumivu ya tumbo, na asubuhi daktari wa melini akasema ni kidole tumbo na kwamba lazima apasuliwe nchi kavu. Mimi nilishuka naye katika kisiwa tulichokuwa tumetia nanga. Mume wangu alibaki melini na mdogo wa binti yetu, kwa kuwa tulidhani tutakutana bandari inayofuata.

Upasuaji ulikwenda vizuri, namshukuru Mungu. Taabu ilianza aliporuhusiwa kutoka hospitalini, kwa sababu shirika la ndege lilikataa kumbeba mtoto asiye na pasipoti, na ubalozi mdogo ulikuwa umefungwa mwisho wa juma. Ulipofunguliwa, nilitakiwa kuleta picha ya mtoto, naye hata kusimama wima hawezi, anajishika ubavu huku mpiga picha akimwambia ainue kidevu. Kisha wakataka ridhaa ya baba yake kwa maandishi, na baba yake yuko katikati ya bahari, simu haipatikani. Hati ya dharura ilitoka, lakini gharama ya hoteli na tiketi mpya ilizidi mbali hizo dola unazozihesabu. Wala hatukuwa tumevunja kanuni yoyote.

Msafiri Mkavu
Pole sana, dada. Hata hivyo, abiria wengi hushuka walivyopanda, na msiba wa mmoja hauwezi kuwa kipimo cha wote.

Bi Tahadhari
Sikusema ni kipimo. Nimesema kwamba siku hiyo ikifika, kadi na cheti ni kitu kimoja: hakuna kinachokupandisha ndege. Ndiyo maana kadi naiona kama gharama isiyonunua kitu kwa mtoto ambaye cheti chake kinatosha.

Karani Mstaafu
Hapo sikubaliani nawe kabisa. Kadi huingia mfukoni, na inamwokoa mzazi ambaye cheti alicho nacho ni kile cha hospitali, chenye alama za nyayo za mtoto mchanga. Kile ni kumbukumbu nzuri ya kutundika ukutani, lakini hakithibitishi uraia, na kila msimu kuna familia zinazorudishwa gatini kwa ajili yake. Kinachotakiwa ni cheti cha mamlaka ya vizazi na vifo.

Mzee wa Gati
Nanyi mnaolinganisha bei mkumbuke kwamba kanuni hii inafuata bandari. Safari ya Alaska inayoanza na kuishia Seattle ni jambo moja. Inayoanzia Vancouver, Kanada, na kuishia Alaska ni jambo jingine. Huko Mediterania ndiyo kabisa: mwenye kuhitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, akitoka Barcelona, akapitia Tunisia na kurudi Ulaya, anahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja, mtoto kwa mkubwa.

Mama Pacha, huyo wa miaka 15 atatimiza 16 lini? Na je, wote watatu walizaliwa Marekani?

Mama Pacha
Atatimiza wiki chache kabla ya safari. Mapacha walizaliwa hapa. Yeye alizaliwa Mombasa, akaja akiwa na kadi ya makazi ya kudumu, akawa raia mimi nilipoapishwa. Cheti chake ni cha Kenya.

Karani Mstaafu
Basi hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo! Sheria ya mwaka 2000 ilimpa uraia kupitia kwako, lakini cheti cha Kenya kinaonyesha alipozaliwa, hakionyeshi uraia wa Marekani. Zaidi ya hayo, akishatimiza 16, hata aliyezaliwa Marekani huongezewa sharti la kitambulisho cha serikali chenye picha. Huyo muombee pasipoti, ukiambatisha cheti chake, hati yako ya uraia na kadi yake ya makazi.

Msafiri Mkavu
Kwa huyo nimenyamaza. Ila asubiri atimize 16, apate ya miaka 10 badala ya miaka 5.

Bi Tahadhari
Asubiri, na meli iko wiki chache mbele? Atalazimika kulipa dola 60 za kuharakishiwa, juu ya ada ya mtu mzima ambayo tayari ni kubwa zaidi, na bado asiwe na hakika. Ombi la mtu aliyezaliwa nje lina karatasi nyingi za kupitiwa, na likirudishwa kwa kukosa moja, safari imekwenda.

Mama Pacha
Nimewasikia. Kwa mkubwa nitaomba sasa hivi. Kwa mapacha baba yao bado anasema vyeti vinatosha, nami moyo haujatulia. Je, nikiamua kuwaombea, lazima awepo? Kazi yake ni ya kusafiri.

Karani Mstaafu
Kwa mtoto wa chini ya miaka 16 wazazi wote wawili huhudhuria pamoja na mtoto. Asiyeweza hujaza fomu ya ridhaa, DS-3053, mbele ya mthibitishaji wa umma na kuambatisha nakala ya kitambulisho chake, mbele na nyuma. Asiisaini nyumbani, itakataliwa.

Mgeni wa Jukwaa
Samahani kwa kuingilia. Watoto wangu bado wana kadi ya makazi ya kudumu na pasipoti za Tanzania, na meli yetu ni ya njia hiyohiyo. Haya yananihusu?

Mzee wa Gati
Ya cheti hayakuhusu hata kidogo. Wewe tuambie kwanza pasipoti zao zinaisha lini, na meli inapita nchi zipi.