Mwenyekiti wa klabu yetu ya kuzamia ameniuliza "kwani wewe ni soda?" mbele ya Coaster nzima

Mapezi_ya_Sakina

Wakuu, saa tano na nusu usiku hii, nimeingia ndani sasa hivi. Mapezi yanachuruzika maji ya chumvi kwenye zulia la mama watoto na hata viatu sijavua. Nikilala na hili jambo kifuani nitaamka nimepasuka.

Mnamjua. Wana Arusha tunaozamia tupo wangapi, si tunajaa Noah mbili? Basi mnamjua. Yule wa kaptula ya kaki. Yule ambaye hata kwenye bwawa la kuogelea anafunga kisu mguuni, sijui anategemea papa atokee kwenye klorini. Jina sitaji.

Wikiendi hii tulikuwa Pangani, tumezamia Maziwe, lile fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linapotea lote. Jumamosi mbizi mbili, leo mbili, ya kwanza mita 18, ya pili 14. Samaki raha tupu, sina neno. Tukatoka majini saa sita mchana. Kwenye grupu tulitangaziwa kwamba tunalala Pangani, safari kesho. Saa nane namsikia anapiga makofi: "Pakieni, tunarudi leo, kesho asubuhi nina kikao."

Kikao.

Nikamwonesha saa yangu ya kuzamia. Ina kialama cha ndege kilichopigwa mstari, maana yake mwili bado una naitrojeni, usipande juu. Nikamwambia kistaarabu kabisa: mwenyekiti, Arusha iko mita 1400 juu ya bahari, tumezamia siku mbili mfululizo, tukae angalau saa 18. Akainama, akaikagua saa kama muuza duka aliyepewa noti ya elfu kumi yenye mashaka. Akasema: "Hiyo ni ndege. Sisi tuna Coaster."

Watu kicheko. Sawa. Hiyo ningesamehe.

Tukaondoka. Muheza tukasimama dakika 40 kununua machungwa. DAKIKA 40. Muda wa machungwa upo, muda wa damu yangu haupo. Mombo tukashuka kula. Mkitoka hapo mnaanza kuitafuta Same, na Same ni zaidi ya mita 800, kwa hiyo nikaona hapa ndipo pa kusema, gesti zipo, tulale. Nikamfuata. Ana paja la kuku mkononi, mafuta yanateremka mpaka kwenye mkanda wa saa yake, ambayo naomba mtambue ni saa ya kuzamia ileile kama yangu, na kandege kalekale kamepigwa mstari. Nikamwambia tena, taratibu.

Akameza. Akageukia watu, hakunigeukia mimi. Akasema: "Kwani wewe ni soda? Unaogopa kutoa povu?"

Wakuu. Dereva alicheka. Muuza mahindi alicheka, na hata hajui tunaongea nini. Kuna mbuzi pale Mombo naapa alicheka. Kutoka hapo mpaka Arusha sina jina, mimi ni Soda. Himo trafiki kamuuliza dereva mko wangapi, akajibiwa "kumi na nane na soda moja".

Kwani mimi ni soda? NDIYO, MIMI NI SODA! Na yeye ni soda! Ukiwa mita 18 chini mgandamizo unakaribia mara tatu ya huku juu, naitrojeni inayeyukia mwilini kama gesi kwenye chupa. Ukipanda haraka, au ukitoka pwani ukaupandia mwinuko, kizibo kimefunguka. Mapovu kwenye viungo, yakizidi ni uti wa mgongo. Na huo mfano wa soda nani alitufundisha? YEYE! Darasa la kwanza, alitikisa chupa ya soda ya machungwa akaifungua, safu ya mbele yote tukarudi nyumbani tunanata. Shati langu la siku ile lina doa mpaka leo.

Mtungi wa oksijeni ya dharura tuliouchangia elfu hamsini kila mtu? Tuliambiwa oksijeni ipo hewani bure. Chemba ya mgandamizo ya kutibia haya mambo ninayoijua mimi iko Unguja. Yaani niugulie Arusha kwa sababu ya kupanda juu, halafu nipakiwe kwenye ndege.

Paja la kuku mkononi, jamani. "Kwani wewe ni soda?"

Kiwiko cha kushoto kinaniuma tangu Mwanga. Labda ni hasira.

KarangaZaKijenge

Nimekaa siti ya mbele. Anayepita na kahawa aniletee.

Mangi_Mdogo

Samahani wakuu, Arusha bahari imefika lini? Nimehama mwezi uliopita tu.

shangazi wa Njiro

Pole mwanangu. Ila nimecheka mpaka nimemwamsha baba yenu. Ni soda ya chupa au ya kopo?

Chalii_wa_Ngarenaro

Ya kopo, shangazi. Ya chupa isingelia hivi.

Mbizi_Raskazone

Utani pembeni kidogo. Mtoa mada, hicho kiwiko usilale nacho. Nenda hospitali usiku huuhuu, waambie umezamia mara ngapi, kina gani, umetoka majini saa ngapi, wakuwekee oksijeni safi. Kunywa maji, bia hapana, na usikikande. Usipande ndege kabla daktari anayejua mambo ya kuzamia hajasema. Na zile saa 18 hazihusu ndege tu. Mwili haujui kama umepandishwa na rubani au na dereva wa Coaster. Mwongozo wenyewe wa wazamiaji unaanza kuhesabu kwenye mwinuko wa mita 600.

Chalii_wa_Ngarenaro

Aende mapokezi aseme nini? "Nesi, mimi ni soda, nimefunguliwa Mombo"?

Mapezi_ya_Sakina

Asante sana @Mbizi_Raskazone, mama watoto anatafuta bodaboda. Umeona? UMEONA? Mtu wa pwani kaelewa kwa sentensi moja. Yule kaulizwa mara mbili kajibu na kuku mdomoni.

Siti_ya_Nyuma

Mimi nilikuwemo humo garini na nasema ukweli. Tulipiga kura Pangani, wengi tukataka kurudi. Na huyu Soda anayelia kuhusu machungwa kala saba peke yake, maganda kanitupia mimi.

Mapezi_ya_Sakina

Kura gani? Aliuliza "nani anataka kulala hapa kwa hela yake?" Hiyo ni kura au ni kitisho?

Siti_ya_Nyuma

Si hukunyoosha mkono.

Mapezi_ya_Sakina

Nilikuwa nimebeba mitungi! Miwili! Mmoja wako!

shangazi wa Njiro

Basi kiwiko tumeshajua.

Porter_Mstaafu

Nyie mnalia kwa mita 1400? Sisi kikundi chetu cha mlimani mwenyekiti alitupeleka na ratiba ya siku nne kwenda na kurudi, eti tuokoe hela. Mlima una mita 5895, siku nne! Nikiwa kambi ya Barafu kichwa kinapasuka nikamwambia sioni vizuri, akaniambia "huku hakuna cha kuona, ni usiku". Nilishushwa kwenye machela. Mchango wa machela nilidaiwa mimi.

KarangaZaKijenge

Hiyo ya "ni usiku" nimeiandika ukutani.

Mama_Kikoba_Pasua

Hongereni kwa kuwa na mwenyekiti. Wetu hapa Moshi alikuwa mwenyekiti, mhazini na mshika ufunguo wa sanduku. Nyie wenu mnamwona kabisa anakula kuku. Wetu kuku zetu anazilia Songea.

Porter_Mstaafu

Dada, kikoba na mlima wapi na wapi? Mimi ningekufa.

Mama_Kikoba_Pasua

Na mimi sikufa? Milioni na laki mbili, kaka.

Mangi_Mdogo

Lakini kwa nini msizamie Chala? Iko hapo tu juu ya Taveta, ziwa lina mita 90 hivi kwenda chini, maji meupe. Hamna haja ya kusafiri siku nzima.

Mbizi_Raskazone

Chala lenyewe liko karibu mita 880 juu ya bahari. Ukizamia hapo kwa jedwali la baharini, lile la kupimia kina na muda wa kukaa chini, unajidanganya, kina cha mita 18 inabidi ukihesabu kama kikubwa zaidi. Kuna jedwali zake. Halafu Arusha bado ni juu zaidi ya hapo, hujakwepa kitu.

Chalii_wa_Ngarenaro

Na mamba?

Mangi_Mdogo

Chala hakuna mamba siku hizi.

Porter_Mstaafu

Tangulia wewe.

Mangi_Mdogo

Babu yangu alikuwa anaogelea pale kila Jumapili.

Porter_Mstaafu

Sasa yuko wapi?

Mangi_Mdogo

Alifariki kwa sukari!! Muwe na adabu.

Mama_Kikoba_Pasua

Tuache marehemu. Hayo machungwa ya Muheza, ndoo mmenunua bei gani? Huku Pasua wanatuuzia matatu elfu moja, tena makavu.

Siti_ya_Nyuma

Mimi ndoo ndogo nilipewa elfu tatu, baada ya kuondoka nikarudi.

shangazi wa Njiro

Elfu tatu? Mwakani mnapokwenda nipigieni, nina viroba vyangu.

Mapezi_ya_Sakina

Niko hospitali, nimewekewa oksijeni, naandika kwa mkono mmoja. Daktari kaniuliza ilikuwaje, nimejikuta namweleza habari za kuku. Mimi ndoo nilichukua kwa elfu saba.

Mama_Kikoba_Pasua

Ndogo au kubwa?

Mapezi_ya_Sakina

Ndogo.

Siti_ya_Nyuma

Umepigwa, Soda.