Kwa nini wilaya nyingi za Urusi zinaitwa jina moja: Oktyabrsky, Leninsky, Kirovsky?

MfasiriMbezi

Wanajamvi, salaam. Ninafanya kazi ya kufasiri hati za Kirusi kwa ajili ya watu waliosoma au kuoa huko, na wiki iliyopita nilirudishiwa kazi na ofisi moja kwa madai kwamba nimekosea. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilitolewa katika wilaya ya Oktyabrsky, jijini Novosibirsk, na cha mama yake kilitolewa katika wilaya ya Oktyabrsky, mkoa wa Rostov, kusini mwa nchi. Karani aliyezipokea aliona haiwezekani wilaya moja ikawa katika sehemu mbili zilizoachana kiasi hicho. Nilimweleza kwamba ni wilaya mbili, hakukubali. Nilipofungua ramani nitafute ushahidi nikazidi kushangaa, kwa sababu takribani kila mkoa nilioutazama ulikuwa na Oktyabrsky, Leninsky, Kirovsky, Sovetsky au Pervomaysky yake.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Majina haya yalitoka wapi hata yakajirudia namna hii? Na je, katika tafsiri niandike "Wilaya ya Oktoba", au niliache jina lilivyo?

MzeeWaRamani

Ndugu Mfasiri, hukukosea hata kidogo, na pole kwa usumbufu.

Wilaya ya Urusi huitwa *rayon*, neno ambalo Warusi walilitoa katika Kifaransa. Wakati wa wafalme hapakuwa na rayon katika utawala. Palikuwa na *guberniya* (kama mkoa), chini yake *uyezd* (kama wilaya), chini yake tena *volost* (kama kata), na uyezd kwa kawaida iliitwa kwa jina la mji wake mkuu. Katika miaka ya 1920, hasa kati ya 1923 na 1929, serikali ya Kisovyeti iliuvunja mpangilio huo wote na kuweka rayon badala yake. Wilaya mpya zilihitaji majina, na watawala wapya waliyatumia majina hayo kutangaza kwamba enzi imebadilika. Oktyabrsky ni "ya Oktoba", yaani Mapinduzi ya tarehe 25 Oktoba 1917 yaliyowaweka Wakomunisti madarakani. Tarehe hiyo ni ya kalenda ya zamani iliyokuwa ikitumika Urusi. Kwa kalenda yetu ilikuwa 7 Novemba, ndiyo maana sikukuu ya Oktoba iliadhimishwa kila mwaka mwezi wa Novemba. Sovetsky inatokana na *sovet*, baraza. Pervomaysky ni Mei Mosi. Krasnoarmeysky ni ya Jeshi Jekundu.

Kundi jingine ni la watu, na hapo ningependa utazame kwa makini jina la Kirovsky, kwa kuwa linaonyesha vizuri jinsi majina yalivyoenea kwa amri. Sergei Kirov, aliyekuwa kiongozi wa Chama cha Kikomunisti mjini Leningrad (Saint Petersburg ya leo), alizaliwa mwaka 1886 katika mji mdogo wa Urzhum, na jina la ukoo wake lilikuwa Kostrikov. Kirov ni jina alilojipa mwenyewe katika harakati, kama Lenin, kiongozi wa Mapinduzi hayo, ambaye jina lake la ukoo ni Ulyanov. Tarehe 1 Desemba 1934 alipigwa risasi ndani ya jengo la Smolny mjini Leningrad. Kabla mwezi huo haujaisha, mji wa Vyatka, mji mkuu wa eneo alilozaliwa, ulikwisha kuitwa Kirov, na unaitwa hivyo hadi leo. Kiwanda kikubwa cha Putilov cha Leningrad nacho kikapewa jina lake. Wilaya zikafuata, kuanzia zile za mijini hadi za vijijini kabisa ambako marehemu hakupata kukanyaga.

Kwa hiyo jina la namna hii halikwambii wilaya iko wapi. Linakwambia zaidi ilipewa jina wakati gani.

NilisomaSiberia

Naongeza ushahidi kutoka Novosibirsk, kwa kuwa niliishi huko miaka sita. Jiji lina wilaya kumi: Dzerzhinsky, Zheleznodorozhny, Zayeltsovsky, Kalininsky, Kirovsky, Leninsky, Oktyabrsky, Pervomaysky, Sovetsky na Tsentralny. Sasa tazama Krasnoyarsk, ambalo ni jiji jingine la Siberia upande wa mashariki. Wilaya zake ni saba: Zheleznodorozhny, Kirovsky, Leninsky, Oktyabrsky, Sverdlovsky, Sovetsky na Tsentralny. Ukiondoa Sverdlovsky, sita zote zimo pia Novosibirsk. Katika bweni letu tulikuwa wanafunzi wengi wa kutoka miji mbalimbali, na msimamizi alipokuwa akijaza daftari la wapangaji hakukubali mtu amjibu "Leninsky" peke yake. Aliinua kalamu, akasubiri utaje mji.

Katika orodha ile ya kumi, ninayoipenda zaidi ni Zayeltsovsky, maana yake ng'ambo ya Yeltsovka, kijito kinachopita mjini. Hilo halimo Krasnoyarsk wala kwingineko, kwa sababu limetoka kwenye ardhi yenyewe. Zheleznodorozhny, "ya reli", liko katikati: ni jina la jumla lililosambaa nchi nzima, lakini kwa Novosibirsk lina haki yake kamili, maana mji ulianza mwaka 1893 kwa sababu ya daraja la reli ya Siberia lililojengwa juu ya mto Ob.

BintiSongea

Shikamoo Mzee wa Ramani. Nakubaliana na maelezo yako kwa sehemu kubwa, ila ninaomba tusimfanye ndugu yetu aamini kwamba kila jina linalojirudia limetokana na Wakomunisti.

Mfano mzuri ni *krasny*. Leo neno hilo ni "nyekundu", lakini zamani lilikuwa pia na maana ya "zuri", na ndivyo ulivyopata jina lake Uwanja Mwekundu wa Moscow, zaidi ya karne mbili kabla ya bendera nyekundu ya Wakomunisti. Kuna wilaya ya Krasnoyarsky mkoani Astrakhan na nyingine ya jina hilohilo mkoani Samara. Zote mbili zimetokana na makazi yaitwayo Krasny Yar, yaani ukingo wa mto ulio mwekundu au mzuri wa kutazama. Mkoa huohuo wa Samara una pia Krasnoarmeysky. Anayesoma haraka ataziweka kapu moja, ilhali moja ni ya kingo za mto na nyingine ni ya askari. Vivyo hivyo Troitsky ni ya Utatu Mtakatifu, na Beryozovsky ni ya miti iitwayo *beryoza* ambayo imetapakaa Urusi nzima, kwa hiyo hakuna haja ya amri yoyote ili jina lijirudie.

Na yako majina ambayo yanafanana bila kuwa na asili moja. Dmitrovsky, iliyokuwa wilaya ya mkoa wa Moscow hadi mwaka 2018, ilitokana na mji wa Dmitrov, ulioanzishwa mwaka 1154 na mtawala Yuri Dolgoruky na kupewa jina la Mtakatifu Demetrio. Dmitrovsky ya mkoa wa Oryol inatokana na mji wa Dmitrovsk, ambao mwanzo wake ni makazi ya Dmitry Kantemir, mtawala wa Moldavia aliyehamia Urusi wakati wa Petro Mkuu.

Kuhusu kufasiri, liache jina lilivyo. Ila ujue kwamba majina haya ni vivumishi, na Kirusi kina upatanisho kama ngeli zetu. Sisi tunasema kitabu *kizuri* na mti *mzuri*. Wao husema *Oktyabrsky* kwa rayon, *Oktyabrskaya* kwa barabara, na *Oktyabrskoye* kwa kijiji. Karani asiyejua hilo ataona tahajia tatu na kudai zina makosa. Weka umbo moja la wilaya, kisha taja daima jiji au mkoa wake.

MzeeWaRamani

Marahaba binti, nimekubali sahihisho lako.

Ndugu Mfasiri, usifupishe mlolongo wa anwani hata kama mteja anataka hati fupi. Kwa ile ya Rostov taja pia makao makuu ya wilaya, Kamenolomni, ambalo ni jina lenye maana ya "machimbo ya mawe". Hilo halitachanganywa na Novosibirsk. Na ukikuta hati ya zamani imeandikwa mji wa Sverdlovsk, usiugeuze kuwa Yekaterinburg. Mji ulirudishiwa jina lake la awali, Yekaterinburg, mwaka 1991, lakini mkoa unaitwa Sverdlovsk hadi leo, kama mkoa wa Leningrad unavyoizunguka Saint Petersburg. Andika kilichomo katika hati, na maelezo yako yawe pembeni.

MfasiriMbezi

Nawashukuru sana. Nimeandika upya hivi: "Wilaya ya Oktyabrsky, jiji la Novosibirsk" na "Wilaya ya Oktyabrsky (makao makuu Kamenolomni), mkoa wa Rostov", nikaambatanisha ramani mbili nilizozitia alama kwa kalamu nyekundu. Safari hii karani alizitazama kwa muda mrefu, akauliza Kamenolomni hutamkwaje, kisha akagonga muhuri.