Naomba ushauri: majina ya anatomia yananichanganya

Habari za jioni ndugu zangu. Nasoma uuguzi mwaka wa kwanza na anatomia inaninyima usingizi. Mifumo yenyewe naielewa: nikiulizwa damu inavyotoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi, naeleza bila kusita. Shida ni majina.

Wiki iliyopita kwenye jaribio niliandika kwamba yurethra inatoa mkojo kwenye figo kuupeleka kwenye kibofu. Hiyo ni yureta, na ziko mbili, kila figo na yake. Yurethra ni moja, inatoa mkojo kibofuni kwenda nje. Nilijua kabisa, ila kichwani mwangu zote ni "mrija wa mkojo". Iliamu nayo hivyo hivyo: mara ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, mara ni mfupa wa nyonga. Kimaandishi, ileum (utumbo) na ilium (mfupa), yanatofautiana herufi moja tu!

Kushoto na kulia ndiko ninakoumia zaidi. Kwenye mchoro ini naliona upande wangu wa kushoto, kumbe natakiwa kuhesabu kulia kwa mgonjwa. Siku hizi nasimama kando ya kitanda, viganja vikitazama mbele, nagusa mifupa miwili ya kigasha: upande wa kidole gumba nasema "redio" (radius), upande wa kidole cha mwisho "ulna". Kwa mkono inasaidia, lakini mifupa ni 206.

Mliopita njia hii, mlianza na mizizi ya Kilatini na Kigiriki, au mlikariri mfumo mmoja mmoja? Michoro mlichora wenyewe? Mtihani ni baada ya wiki tatu.