Naomba ushauri: trela ndogo ya kulala porini, ekseli niiweke wapi?

Habari zenu wadau. Niko Nakuru, upande wa Menengai. Tangu Agosti tunajenga trela ndogo ya kulala porini hapa uani. Baba mkwe ni fundi wa kuchomelea wa siku nyingi, ndiye aliyeunga fremu. Mke wangu anashona mapazia. Binti yetu wa miaka 9 kazi yake ni msasa, na huo mlango ameupiga mpaka ukipitisha kiganja hushiki hata kibanzi.

Sanduku ni futi 8 kwa 4, sawa na plaiwudi nzima, tusipoteze mbao. Shida ni ekseli, yaani chuma kinachoshika magurudumu. Mzee anataka ikae katikati kabisa. Mimi nimesoma kwamba irudi nyuma kidogo, ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikalie ndoano ya gari, la sivyo trela huyumba ukishika kasi. Sitaki kubishana naye, namheshimu sana, lakini Desemba tunataka kupanda Timboroa kwenda Msitu wa Kakamega, na watoto watakuwa garini. Jiko litakaa nyuma. Mtungi wa maji wa lita 40 naweza kuuweka mbele. Aliyewahi kuvuta trela mlima ule, nisogeze inchi ngapi?

Pia paa linavuja pale bati linapokutana na ukuta. Silikoni nimepaka mara mbili, jua likiwaka inabanduka. Mnaziba na nini?

Na usajili wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani Kenya) kwa trela ya kujitengenezea, nianzie wapi kabla haijatoka getini?