Saruji ya mfupa kwenye uti wa mgongo: pingili jirani ziko hatarini?

Swali: Mgonjwa wa miaka 72 amejazwa saruji ya mfupa (gundi ya kitabibu ya kuimarisha pingili iliyovunjika) kwenye L1, pingili ya kwanza ya kiunoni. T12 (pingili ya juu yake) na L2 (ya chini yake) zinaweza kuvunjika?

Jibu 1: Ndiyo, hasa miezi ya mwanzo. Saruji ni ngumu kuliko mfupa uliodhoofika, na ikivujia kwenye diski (mto laini kati ya pingili) hatari huongezeka. Lakini chanzo kikuu ni udhaifu wa mifupa yenyewe. Huo usipotibiwa, pingili nyingine zinaweza kufuata.

Jibu 2: Muulizeni daktari kuhusu asidi ya zoledroniki (dawa ya kuimarisha mifupa), miligramu 5 kwa dripu mara moja kwa mwaka. Kwanza apimwe figo, kalisiamu na vitamini D. Na ndoo ya maji asiinue kabisa!

Jibu 3: Maumivu mapya ya ghafla msiyapuuze. Eksirei inaweza isionyeshe kitu. MRI ya STIR (picha ya sumaku ya aina inayong'arisha majimaji) huonyesha majimaji ndani ya pingili iliyovunjika karibuni. Miguu ikilegea au mkojo ukizuilika, hospitali saa hiyohiyo.