Ufundi wa sola: vijana wapelekwe Mombasa au wafunzwe hapa hapa Siyu?

Mkaazi wa Siyu
Assalaam alaykum. Kikundi chetu cha kina mama na vijana kimechanga fedha za kuwasomesha watu wachache ufundi wa umeme wa jua, kwa kuwa nyumba nyingi hapa Siyu, kisiwani Pate, zina paneli juu ya paa na ndani mnawashwa kibatari. Kila mtambo unapoharibika hatuna budi kumvusha fundi kwa boti kutoka Amu (mji wa Lamu), na mara nyingi nauli yake huzidi bei ya kifaa kilichoharibika. Wazee wanataka vijana wawili wapelekwe chuoni Mombasa warudi na vyeti. Kina mama wanasema kijana akishapata cheti harudi. Naomba ushauri: afunzwe nani, wapi, na yaanze masomo gani?

Fundi wa Langoni
Wa alaykum salaam, ndugu. Kuhusu mahali, nawaunga mkono kina mama. Chuoni mwanafunzi hufunga mtambo mpya ndani ya karakana kavu, ilhali kazi inayowangoja nyinyi ni kufufua mitambo mikuukuu iliyoliwa na chumvi ya bahari. Mleteni mkufunzi kijijini, na vifaa vibovu mlivyonavyo viwe ndivyo vya kujifunzia.

Somo la kwanza liwe kutumia mita ya kupimia volti. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa, ikishapumzika, husoma karibu 12.7, ikisoma 12.1 imebaki nusu, na ikishushwa chini ya hapo kila usiku haitadumu. Mwanafunzi apite nyumba kwa nyumba, apime asubuhi kabla jua halijapanda, aandike daftarini. Afunzwe pia kwamba kinachopungua ndani ya betri ni maji, si asidi, na kwamba maji ya kisima hayafai kabisa, hasa visima vyetu hivi vya maji ya chumvichumvi.

Waya ndiyo huwapoteza wengi. Taa na feni zikivuta ampea 5 kupitia waya wa milimita 1.5 za mraba kwa umbali wa mita 10, takriban volti 1.2 hupotea njiani, yaani sehemu moja katika kumi ya zile 12. Waya wa milimita 4 za mraba hupoteza chini ya nusu volti. Mwenye nyumba huambiwa paneli yake ni ndogo, akauziwa nyingine, na taa zikabaki hafifu vile vile. Mengine ni mazoea ya mkono: betri huunganishwa na kidhibiti cha chaji (kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri) kabla ya paneli, na wakati wa kufungua paneli hutangulia kutoka, vichwa vya betri husuguliwa vikapakwa grisi, paneli huinamishwa nyuzi 10 hivi ili mvua iioshe.

Mwalimu, Malindi
Nakubaliana na fundi, ila cheti kisidharauliwe. Kanuni za mwaka 2012 zinamtaka anayefunga mitambo ya jua nchini Kenya awe na leseni, ambayo siku hizi iko chini ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, na madaraja huanzia T1 kwa mitambo midogo ya nyumbani. Asiye na leseni hawezi kuchukua kihalali kazi ya zahanati au ya shule, na huko ndiko kwenye malipo ya maana.

Kuhusu wa kufunzwa, tazameni Kinyasini, Unguja. Barefoot College, taasisi iliyoanzishwa na Bunker Roy huko Tilonia, India, mwaka 1972, ina chuo hapo kinachowafunza wanawake wa vijijini, wengi wao watu wazima na wenye elimu ndogo ya shule, na rangi za vifaa zikatumika pale maandishi yanapokuwa kikwazo. Mama mwenye nyumba na wajukuu hana haraka ya kuhama. Ningewafunza wawili wawili, mama na kijana: kijana afuatilie leseni, mama abaki na vifaa na daftari.

Binti Faza
Hamjagusa malipo, nanyi mwajua kijijini fundi ni mpwa wa kila mtu. Atamtoza nani, shangazi yake? Kwetu alikuwapo kijana hodari kweli, akachoka kutengeneza bure, akarudi baharini. Kila nyumba itoe kidogo kwa mwezi, kikundi kimlipe fundi, na ziada inunue fyuzi, waya na maji ya betri. Hilo mlikubaliane kabla mkufunzi hajapanda boti.

Mkaazi wa Siyu
Ahsanteni nyote, nitalifikisha barazani, na la Bi Faza litatangulia. Fundi, swali moja: betri zinazokufa tuzibadilishe kwa za lithiamu?

Fundi wa Langoni
Mkiweza, ndiyo, kwani hustahimili kushushwa chini zaidi. Lakini angalieni kwanza kama kidhibiti mlicho nacho kina mpangilio wa lithiamu. Vingi vya zamani ni vya asidi tu, na betri mpya itaharibika mapema. Nipigie picha za vidhibiti vilivyopo, nikuambie vipi vinafaa.