Mto Sio ukihama, mpaka nao uhame?

Msamia: Shamba letu linapakana na Mto Sio. Kila masika maji yanakula ukingo wa Kenya na kurundika mchanga ng'ambo, Uganda. Pale baba alipopanda mihogo, leo watu wanafunga ng'ombe. Naomba kujua: mpaka ni mto wa leo, au wa zamani?

Mkulima wa Molo: Nijuavyo, mto ukisogea kidogo kidogo, mpaka huufuata. Ukiruka ghafla na kuchimba njia mpya, mpaka hubaki kwenye mkondo wa zamani. Wako umesogea polepole, kwa hiyo shamba limekwenda. Pole. Ila nyinyi wa magharibi msilie sana, hata Kisumu ilikuwa Uganda.

Nyar Dunga: Hilo la Kisumu limeingiaje hapa? Mtu anapoteza ardhi, wewe unatukana mji wetu!

Mkulima wa Molo: Nimetukana wapi? Ni historia. Reli ilifika hapo 1901 pakiitwa Port Florence, na pakiwa Uganda.

Nyar Dunga: Basi isome yote. Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliohamishiwa huku 1902, ulifika Naivasha. Molo iko upande gani wa Naivasha?

Mkulima wa Molo: Naivasha nilikuwa nimeisahau; kumbe na Molo, iliyo magharibi yake, ilikuwa Uganda. Lakini babu zetu hawakuulizwa.

Nyar Dunga: Na wetu waliulizwa na nani?

Mwalimu Bungoma: Jamani, mmemwacha mwenye shamba. Jambo kubwa ni Ziwa Victoria: Sio, Malaba, Nzoia, yote inamwaga humo, kwa hiyo nchi hizi zikae pamoja.

Dereva wa Malaba: Mwalimu, Malaba usiutie humo. Unatoka Elgon, unaingia Mto Mpologoma, unaishia Ziwa Kyoga. Navuka daraja lake kila wiki.

Mwalimu Bungoma: Nimekubali, nilikosea. Hata hivyo maji ya Kyoga huenda Nile, kama ya Victoria.

Nyar Dunga: Molo bado hajaomba radhi.

Msamia: Wenzangu, dada yangu ameolewa ng'ambo, na anayefunga ng'ombe pale ni shemeji yangu. Lugha ni moja, matanga tunakaa pamoja. Sitaki kumshtaki. Nataka mpimaji aje aweke alama baba akiwa hai, kwa sababu ni yeye pekee anayekumbuka mto ulipopita.

Mkulima wa Molo: Baba ana miaka mingapi?

Msamia: Themanini na mbili.